Namna ya kuanzisha darasa la watoto "walioshindikana" katika shule yako

Kila shule ya msingi huku Mbagala ina mtoto ambaye hata mama muuza mihogo wa getini anamjua kwa jina. Ndiye aliyevunja kioo cha ofisi, ndiye aliyemng'ata mwenzake mstarini, ndiye aliyeruka ukuta saa tatu asubuhi akaonekana Rangi Tatu stendi na sare yake. Walimu wakikaa kwenye kivuli wakati wa mapumziko, jina lake halikosi kutajwa, na maongezi huishia palepale: huyu ameshindikana, aitwe mzazi.

Mzazi anaitwa. Mama anaacha biashara yake anakuja, analia, anamchapa mtoto mbele yetu ili tuone kwamba naye yuko upande wetu, wanaondoka. Wiki inayofuata kioo kingine.

Haya ninayoandika ni kwa mwalimu, mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule aliyechoka na mzunguko huo na anataka kujaribu darasa dogo ndani ya shule ya kawaida: watoto wasiozidi wanane, watu wazima wawili, chumba kimoja, mahali ambapo mtoto anasoma huku anatulizwa. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimelisimamia darasa la namna hii huku Temeke kwa miaka kadhaa. Nitasema yale ninayoyaona yanafanya kazi, na yale ninayoona ni kupoteza muda.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa elimu Marjorie Boxall alianza kufungua madarasa madogo ndani ya shule za kawaida za London, hasa eneo la Hackney, kwa watoto wadogo waliokuwa wanawashinda walimu. Watoto kumi hadi kumi na wawili, mwalimu na msaidizi wake, meza ya kulia, kochi, na kifungua kinywa cha pamoja kila asubuhi. Jina la mtoto linabaki kwenye darasa lake la kawaida, na huko ndiko anakorudi. Uingereza wana pia shule nzima za watoto hawa. Mulberry Bush ya Oxfordshire, iliyoanzishwa mwaka 1948 na Barbara Dockar-Drysdale, ni ya bweni: mwalimu, mlezi wa bwenini na mtaalamu wa tiba wote wanamshughulikia mtoto mmoja kwa mpango mmoja. Na kwa England, mpango wa mtoto mwenye mahitaji makubwa ukishaandikwa na halmashauri una nguvu ya sheria. Mzazi anaweza kuudai.

Kwetu mambo yamekaa tofauti. Dar es Salaam ina shule zinazojulikana kwa elimu maalumu: Uhuru Mchanganyiko, Buguruni Viziwi, Sinza Maalumu, na vitengo ndani ya shule za kawaida. Vimejengwa kwa ajili ya wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye usonji. Mtoto anayesikia vizuri, anaona vizuri, anapiga hesabu za kichwa kuliko wenzake wote, ila akikasirika anageuza madawati, huyo hana kitengo. Anabaki darasani na wenzake mia na zaidi mpaka siku atakapoacha kuja mwenyewe, na kusema kweli siku hiyo shule nzima hushusha pumzi.

Anza na fimbo

Watu huanza kwa kutafuta chumba. Wewe anza na fimbo. Ukiwakusanya watoto wanane wenye majeraha ya ndani, halafu mwalimu wa zamu akawapitia getini na fimbo kwa sababu wamechelewa, kazi yako ya wiki nzima imekwenda na maji. Mtoto aliyezoea kupigwa huutazama mkono wa mtu mzima kabla ya kuutazama uso. Ukinyanyua chaki ghafla, anajikunja. Hatulii mpaka aone mwenyewe, siku baada ya siku, kwamba mahali hapa mkono hauji.

Mwendee mwalimu mkuu ukiwa umeisoma kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kile kibao cha njiani, cha "we mtoto unatoka wapi", hakimo. Tena kanuni inaruhusu tu, hailazimishi. Mwalimu mkuu anaweza kusema hakuna mwalimu aliyeteuliwa kuwachapa watoto wa darasa hili, akaliandika, akalisoma kwenye kikao cha walimu. Omba maandishi. Ahadi ya mdomo hufa siku mwalimu mkuu anapohamishwa, na mnajua wanavyohamishwa.

Wenzako watakwambia unawadekeza. Mimi huwajibu hivi: "Mwalimu, huyu anachapwa tangu darasa la kwanza, sasa yuko la nne. Ingekuwa dawa si angekuwa ameshapona?" Wengi hucheka. Usibishane zaidi ya hapo, waache waone wenyewe.

Mjulishe pia afisa elimu kata, na afisa anayeshughulikia elimu maalumu kwenye halmashauri yako. Si kwa ajili ya pesa, maana pesa hutaziona mapema, ni ili mkaguzi akija asikute "watoto wamefungiwa chumbani" akaandika ripoti ya aina nyingine.

Chagua kwa daftari, usichague kwa hasira

Ukiwauliza walimu nani aje kwenye darasa hili, utaletewa orodha ya wavulana wanaopiga kelele. Iweke pembeni kwanza. Chukua daftari la kawaida, chora safu tatu: kilichotokea kabla, tukio lenyewe, kilichofuata. Andika siku na saa. Fanya hivyo kwa wiki mbili au tatu bila kumwambia mtoto na bila kumhukumu. Maneno kama "mkorofi" na "kiburi" hayaruhusiwi kwenye daftari hilo. Andika ulichokiona kwa macho.

Mfano wa ukurasa wangu mmoja: "Jumanne, saa 4:35. Kabla: wenzake wametoka kununua mihogo na barafu, yeye amebaki dawatini. Tukio: amempiga wa mbele yake kwa rula, amegeuza dawati. Baada: ametolewa nje, amekaa chini ya mti mpaka saa sita." Ukurasa mmoja kama huu haukuambii kitu. Kurasa nyingi za mtoto yuleyule zilionyesha matukio yake karibu yote yanaangukia kati ya saa nne na saa tano. Hatoki nyumbani na chai, hana hela ya kutumia, na kila siku anakaa katikati ya harufu ya pilipili na chachandu akiwatazama wenzake wanavyolamba vidole. Kabla hujazungumza saikolojia, mpe uji.

Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa na daftari tofauti kabisa. Matukio yake hayakuwa na saa, yalikuwa na somo. Kila zamu ya kusoma kwa sauti ilipomkaribia, dawati mbili kabla yake, alianzisha ugomvi. Alitukana, akatolewa nje. Tatizo lilikuwa kusoma: sentensi ya darasa la pili ilimshinda, na heri aitwe mtukutu kuliko ajulikane hajui kusoma. Ukiangalia ile safu ya tatu, ya kilichofuata, utagundua kwamba adhabu yetu ya kumtoa nje ndiyo ilikuwa inamwokoa. Alikuwa ameipata dawa ya aibu yake, na sisi ndio tulikuwa tunamgawia.

Kwa hiyo soma safu ya tatu kwa makini kuliko zote. Mtoto anapata nini baada ya vurugu? Kutoka darasani, kutazamwa, kuachwa, kurudishwa nyumbani? Hapo ndipo mpango wa mtoto unapoanzia.

Unapochagua wanane, changanya. Wote wakiwa wa kurusha viti, hutamaliza wiki. Weka na wale walionyamaza, wanaokaa dirishani mwaka mzima bila kumsumbua mtu. Nao mara nyingi wanaumia vilevile, ila hawatusumbui, ndiyo maana hatuwaoni. Na angalia wasichana wasikosekane.

Hospitali kabla ya lawama

Kila mtoto apimwe masikio, macho na afya ya mwili kabla hamjamwandikia mpango wowote. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mbishi. Mtoto mwenye seli mundu akiwa na maumivu huitwa mvivu au mwenye hasira. Kuna kifafa kisichomwangusha mtu: mtoto anakodoa macho sekunde chache, hasikii, kisha anaendelea kama kawaida, na mwalimu anasema anazubaa. Ukimwona anafanya hivyo mara nyingi kwa siku, andika kwenye daftari na umpe mzazi aende nalo hospitali. Daktari atakushukuru kwa ukurasa huo kuliko kwa barua ya kurasa mbili ya malalamiko.

Njia ya kufuata ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa huku kwetu ni Temeke, kwa Ilala ni Amana na kwa Kinondoni ni Mwananyamala. Ikihitajika rufaa zaidi, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili inayohudumia pia watoto. Mwambie mzazi kabisa kwamba kwenda kwenye kliniki ya afya ya akili hakumfanyi mtoto kuwa mwendawazimu, maana ndicho anachokiogopa hata kama hasemi. Na mwulize, kwa upole, kama huwa anampa dawa za mafua zinazoleta usingizi ili atulie. Wapo wanaofanya hivyo. Wanazipata duka la dawa la jirani bila kuulizwa swali.

Kuhusu mapepo na majini: usimcheke mzazi. Bibi akikwambia mjukuu wake ameshikwa, na sheikh anamsomea, mwambie "Bibi, dua iendelee, na Jumatatu twende hospitali." Viwili hivyo havigombani. Ugomvi unakuja pale mtoto anapofungwa kamba, kuchanjwa au kunyimwa chakula ili pepo watoke. Hapo unaacha kuwa mpole.

Kuna jambo jingine ambalo utalikuta, kwa sababu ukiwapa watoto hawa mahali pa usalama watasema. Mtoto akikueleza kwamba anaingiliwa au anapigwa vibaya nyumbani, sikiliza bila kumhoji. Usimwahidi siri. Mwambie "Umefanya vizuri kuniambia, na nitatafuta watu wa kutusaidia." Andika maneno yake kama alivyoyasema. Siku hiyohiyo toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina gharama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Usiitishe kikao cha ukoo kwanza. Kikao cha ukoo ndicho kinachomaliza kesi.

Chumba, na mtu wa pili

Chumba kiwe mbali na geti na mbali na vyoo, kiwe na madirisha yanayopitisha upepo, na mlango ambao mtoto anaweza kuuona kutoka popote alipokaa. Mtoto mwenye hofu asipoona mlango hafanyi hesabu. Usiweke kioo. Mkeka mkubwa, meza moja ya kukaa wote, ndoo ya maji yenye bomba, vikombe vya plastiki, na kona iliyozibwa kwa kanga ambapo mtoto anaruhusiwa kwenda mwenyewe anapohisi anapandwa. Kona hiyo isitumike kamwe kama adhabu. Siku utakayosema "nenda konani!" kwa ukali, umeiua.

Kumbuka masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ikilipiga bati hamsikilizani kabisa, na kuna watoto ambao kelele ile peke yake huwapandisha. Kuwe na kazi za siku za mvua zisizohitaji sauti: kuchora, kushona vifungo, kucheza bao.

Vifaa vya gharama unavyoviona kwenye picha za shule za nje, vyumba vya taa za rangi na mablanketi mazito, usiviumizie kichwa. Mwili wa mtoto aliyepandwa hutulizwa na kazi nzito ya misuli. Kubeba ndoo ya maji kutoka bombani, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kutwanga kisamvu kwenye kinu, kupiga ngoma. Kinu tulipewa na mzazi mmoja na ndicho kifaa kinachopendwa kuliko vyote darasani kwangu. Kina ufa, lakini kinatwanga.

Mtu wa pili ni muhimu kuliko chumba. Uwe na wawili kila siku, kwa sababu mmoja akiwa na mtoto aliyelipuka, mwingine awe na saba waliobaki. Usichague mwalimu mkali kuliko wote eti ndiye watakayemwogopa; mtu anayehitaji kushinda ugomvi na mtoto wa miaka kumi hafai hapa hata kidogo. Msaidizi wangu alikuwa muuza uji. Watoto wanamwita Mama Uji mpaka leo. Cheti cha ualimu hana, ila sijawahi kumwona akipandisha sauti, na mtoto akimtukana anaendelea kukoroga. Mwalimu mwenyewe ukitaka kujiendeleza, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha ndicho kinachojulikana kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini usisubiri mpaka urudi kutoka Patandi ndipo uanze.

Siku inavyokwenda

Siku zote ziwe sawa. Hilo ndilo linalowatuliza watoto ambao nyumbani hawajui kama usiku huu baba atarudi amelewa, au kama kesho watakuwa wamehamia kwa shangazi. Saa moja na nusu nasimama mlangoni. Kila mtoto anaamkia, "Shikamoo mwalimu", naitikia marahaba kwa jina lake huku namtazama: macho mekundu, nguo ya jana, anavyotembea. Kwa hiyo nusu dakika ninajua nusu ya siku yangu.

Kisha uji, mezani, wote pamoja. Mtoto mmoja anagawa vikombe, mwingine anapitisha sukari. Sukari ilileta vita mwanzoni. Msiitoe mezani kwa sababu hiyo. Kijiko kinachosubiriwa zamu ni somo kubwa kuliko Kiswahili cha siku hiyo. Gharama ya unga huwa tunaizungumza na wazazi kwenye kikao, anayeweza anachanga, asiyeweza analeta kuni au anakuja kuosha sufuria, na mtoto hanyimwi uji kwa sababu ya mchango.

Masomo yanafuata, vipande vifupi vya dakika kumi na tano, kusoma na hesabu kwanza, katikati yake kazi ya mikono au kinu. Wafundishe kweli. Wapo wanaodhani darasa la tiba ni la kuchora maua na kuongea hisia siku nzima. Yule binti wa kusoma kwa sauti aliacha ugomvi alipoanza kusoma, na hakuna mazungumzo ya hisia ambayo yangemfikisha hapo bila herufi.

Vibao vya nyota ukutani, vya nani ana nyota ngapi, mimi sivipendi. Mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho anaangalia ukuta anaona bado ni wa mwisho. Nampa kila mmoja daftari lake, jambo moja tu la kufanyia kazi kwa wiki, tunalitazama wawili.

Anapolipuka

Bwana Mdogo, ndivyo bibi yake anavyomwita, wa darasa la nne, aliingia chini ya meza asubuhi moja na mguu wa stuli mkononi. Mama Uji hakuuliza kitu. Alisema tu, "Wanangu, miche yetu ina kiu," akatoka na wale saba na ndoo zao. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: ondoa watazamaji, usimburute mtoto. Mbele za watu hawezi kurudi nyuma hata akitaka.

Nilikaa chini kwenye mkeka, ubavu, bila kumkabili. Nikasema, "Nipo. Hakuna atakayekugusa." Kimya.

"Toka!"

"Nitasogea mpaka mlangoni. Sitoki."

Kandambili ikanipita sikioni. Nikaiweka pembeni, sikusema kitu. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu mdomo unawasha kuuliza kwa nini, kutishia, kuhubiri. Hasira ya mtoto ni jiko la mkaa; ukiacha kupepea litapoa lenyewe, ila kwa muda wake, na muda huo mara nyingi unafika nusu saa au unazidi. Maneno yako, hata mazuri, ni upepeo. Sema machache, kwa sauti ya chini, yaleyale. Mshike tu kama anakaribia kujiumiza au kuumiza mtu, na ukimshika mwachie mara hatari inapopita.

Baada ya muda mrefu akasema, "Maji." Nikampa kikombe. Hatukuzungumza lolote siku hiyo. Kesho yake, tukiwa tunachambua maharage, mikono ina kazi na macho yako kwenye ungo, akasema bila kuulizwa, "Baba alikuja juzi usiku." Nikaitikia, "Alikuja." Yaliyobaki yalitoka kidogokidogo wiki iliyofuata, na mengine nilimpelekea afisa ustawi.

Stuli ilikuwa imevunjika, kwa hiyo alikaa na fundi seremala wa shule akaitengeneza, akashika msumari, akapiga msasa. Usimlazimishe kusema "samahani" ya mdomoni huku anatazama pembeni. Mwache arekebishe alichoharibu, na akimaliza yamekwisha. Asikumbushwe kesho wala mwezi ujao.

Jiandae kwa jambo hili ambalo limevunja madarasa mengi changa: wiki za mwanzo hali huwa nafuu, kisha inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Mtoto ameona vurugu haimtoi nje tena, kwa hiyo anaongeza nguvu kuona kama kweli hamtamfukuza. Mwalimu mkuu lazima aambiwe hili mapema, la sivyo atalifunga darasa mwezi wa pili. Na kila siku, watoto wakiondoka, kaeni ninyi wawili robo saa mseme yaliyowapata. Mama Uji huwa analia hapo, kisha anajicheka, kisha anaosha sufuria.

Nyumbani

Mtembelee kila mtoto kwao kabla hajaanza, na usiende na malalamiko. Mama huyu ameitwa shuleni mara nyingi, akikuona tu moyo unamruka. Anza na jambo jema na la kweli: "Mama, jana aliwagawia wenzake uji bila kumwaga." Nenda saa ambayo hayuko kwenye biashara, na usiandamane na mjumbe wa shina wala mtu yeyote atakayewafanya majirani watoke nje kuangalia. Uliza nani anamlisha, nani anamlaza, nani anamchapa. Uliza pia nani anampenda. Kila mtoto niliyefundisha alikuwa na mmoja, mara nyingi bibi, wakati mwingine konda wa daladala wa jirani. Mtu huyo mwingize kwenye mpango, hata kama si mzazi.

Kurudi darasani

Jina la mtoto lisitoke kamwe kwenye rejista ya darasa lake. Tangu mwanzo ajue anarudi, na mwalimu wake ajue. Kule London wengi hurudi baada ya mihula miwili hadi minne ya kwao, ambayo ni mitatu kwa mwaka. Mimi nawaambia wazazi watarajie karibu mwaka, wengine zaidi. Anza na somo analoliweza, kipindi kimoja, kisha viwili. Kipindi cha kwanza msaidizi akae nyuma. Mkubaliane na mwalimu wa darasa ishara moja, mtoto akiweka kalamu juu ya daftari ana ruhusa ya kutoka kimya na kuja kwako. Akiitumia vibaya mara chache, mwachie. Usimrudishe karibu na upimaji wa darasa la nne au mtihani wa la saba, wakati walimu wenyewe wako juu.

Wapo ambao darasa hili haliwatoshi. Mtoto anayesema anataka kufa, anayesikia sauti, anayejikata, huyo ni wa hospitali leo, hasubiri Jumatatu. Aliyeingia kwenye mkono wa sheria ana njia yake: mahabusu ya watoto hapa Dar iko Upanga, na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya, na huko watoto hupelekwa kwa amri ya mahakama. Waambie wazazi waache kuwatishia watoto kwa majina hayo. Hawawezi kuwapeleka, na watoto wanajua.

Kuhusu lini uanze: usianze Januari. Shule imejaa wazazi wa kuandikisha, madawati hayatoshi, chumba ulichoahidiwa kitageuzwa darasa la kwanza. Tumia Aprili na Mei kwa daftari, likizo ya Juni kwa kutembelea nyumba na kupaka chumba rangi, na fungua Julai na watoto watatu tu. Wa nne aje mwezi ujao, kama Mama Uji wako atakuwa bado hajaacha kazi.